Kwa nini Kusadikika haikuitwa Kuaminika

Mwanzoni mwa muhula huu mpwa wangu, msichana wa kidato cha tano, alinikuta barazani akiwa na daftari lake la fasihi mkononi. Chini ya sentensi moja alikuwa amepiga mstari wa wino mwekundu: “Kusadikika ni nchi ya kufikirika.” Akaniamkia, akakaa, akauliza, “Mjomba, hapa kuna nchi moja au mbili?”

Swali hilo sijaliacha tangu siku ile. Mwandishi Shaaban Robert alitunga nchi zote mbili, kila moja katika kitabu chenye jina lake. Kusadikika ilitoka mwaka 1951. Kufikirika ikachapishwa 1967, miaka mitano baada ya mwenyewe kufariki. Ni nchi mbili zenye wafalme wawili na visa viwili mbalimbali. Lakini Kiswahili cha leo kimelichukua jina la pili na kulifanya neno la kila siku: mtu wa kufikirika, kijiji cha kufikirika, mfano wa kufikirika, yaani chochote kilichobuniwa. Ndiyo maana sentensi ile ya daftarini inapita bila kumshtua mtu. Inatuambia kwamba nchi haipo, basi, na jina linabaki kibandiko tu, kana kwamba mwandishi angeweza kuiita jina lolote na habari ikawa ileile.

Mimi nasema isingekuwa ileile. Kitabu kizima ni kesi, na jina la nchi ndilo jambo linalobishaniwa ndani ya kesi hiyo. Anayelipita jina haraka ameingia mahakamani bila kujua shitaka.

Tuanze na shina. Sadiki limetoka Kiarabu, na kwa mtu aliyelelewa pwani halijawahi kuwa neno la kamusi. Msomaji wa Kurani akimaliza kisomo hutamka sadakallahu l-adhim, Mwenyezi Mungu Mtukufu amesema kweli. Mzee akisikia neno lililomkaa sawa hujibu, “Swadakta!” Ng’ambo ya barabara, kanisani, Mkatoliki anaposimama kuikiri imani yake huanza na “Nasadiki kwa Mungu mmoja.” Mwandishi aliyezaliwa Machui, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, alikuwa na ukoo huu wa maneno masikioni tangu utotoni. Na popote linapotumika, shina hili lina sura moja: pana neno limesemwa, na pana mtu anayetakiwa alipokee kuwa ni kweli.

Hapo ndipo sadiki linapoachana na amini. Amini lina nduguze: amana, imani, uaminifu. Ukimwamini mtu unamwachia funguo za duka ukaenda zako safari, na uaminifu wa namna hiyo hujengwa kwa miaka, kwa kumjua mtu na ukoo wake. Kusadiki hakungoji miaka. Mtu ametoka mbali, amesimama mbele yako, anakueleza alichokiona huko alikokwenda. Hukufuatana naye. Huna picha wala shahidi wa pili. Una maneno yake na una akili yako. Nchi iitwayo Kuaminika ingekuwa nchi ya watu waaminifu, nasi tungesoma kitabu cha maadili. Nchi iitwayo Kusadikika imewekwa juu ya swali jingine: habari ikiletwa, inapokewaje?

Tazama basi kinachotokea humo. Karama ameshitakiwa. Kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria nchini. Mshitaki wake ni waziri, jina lake Majivuno, na wanaosikiliza ni mfalme na baraza. Karama hajitetei kwa kusema yeye ni mtu mwema. Anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi yenyewe iliwatuma huko nyuma kwenda kutafuta mema ya kuigwa: Buruhani alielekea mashariki, Fadhili kaskazini, Kabuli magharibi, Auni kusini, Ridhaa akapanda mbinguni, Amini akashuka ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani, akaona jinsi wengine wanavyoishi na kutawaliwa, akarudi na mashauri. Na kila mmoja zawadi yake ikawa kifungo.

Wamekwenda sita, wamerudi sita, wamefungwa sita. Nchi inaitwa Kusadikika, na mtu wa kwanza kuifikishia habari hasadikiki, wala wa pili, wala wa sita. Sijui kama kuna namna kali zaidi ya kuihukumu serikali kuliko kuipa jina la kitu ambacho yenyewe haiwezi kukifanya.

Tena majina ya wajumbe yamepangwa kwa hesabu ileile. Burhani kwa Kiarabu ni hoja iliyo wazi, ushahidi. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi ya Mtume isemayo kwamba sadaka ni burhani, kwa maana kwamba anayetoa ameithibitisha imani yake kwa kitendo. Na sadaka nayo imezaliwa na shina lilelile la sadiki. Kwa hiyo msomaji wa mwaka 1951 aliyekulia chuo cha Kurani, akisoma kwamba Kusadikika imemtia Buruhani gerezani, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Nchi imeufunga ushahidi. Kisha inamfunga Kabuli, ambaye jina lake ni kukubali, na Auni, ambaye jina lake ni msaada. Mwisho inamfunga Amini. Sidhani ni bahati kwamba neno amini amepewa mtu mmoja, mjumbe aliyeshuka ardhini, ilhali sadiki limepewa nchi nzima. Mtu mmoja anaweza kuwa mwaminifu peke yake hata gerezani. Kusadiki kunahitaji wawili, msemaji na msikilizaji, na hilo ndilo nchi ililoshindwa.

Sasa mnyambuliko, na hapa namwomba msomaji avumilie sarufi kidogo kwa sababu ustadi wenyewe umelala humu.

Shaaban Robert angeweza kuchagua kauli ya kutendwa: Kusadikiwa. Kutendwa huacha mlango wa kumtaja mtenda. Amesadikiwa na mfalme. Amesadikiwa na baraza. Kauli ya kutendeka, ambayo ndiyo aliyoichagua, haina mlango huo. Sema kikombe kimevunjika, halafu jaribu kuongeza “na mtoto”, sentensi inakataa. Kila mama anaijua hila hii. Mtoto aliyekiangusha kikombe jikoni haji kusema “nimekivunja.” Anasimama mlangoni, mikono nyuma, anasema “kimevunjika,” na kwa kiambishi kimoja amejitoa kabisa katika habari. Yeye hayumo. Kikombe kimejifanyia chenyewe.

Kutendeka kuna kazi ya pili, kutaja uwezekano. Barabara inapitika. Maji ya kisima hiki yananyweka. Mwandiko wako hausomeki. Aliyesema barabara inapitika hajasema kuna gari lililopita leo; amesema asiyepita asiisingizie barabara.

Unganisha kazi hizo mbili na jina linafunguka. Kusadikika: yako maneno yanayoweza kupokewa kuwa kweli, hayana kasoro ya kuwazuia watu kuyapokea, na anayepaswa kuyapokea hakutajwa. Ni mfalme? Ni baraza? Ni afisa wa Kiingereza ofisini Tanga? Ni karani Mwafrika anayesoma kitabu hiki usiku kwa taa ya chemli? Kiambishi kimemwacha kila mmoja ajitafute. Kama hakuna aliyesadiki, kosa haliko kwa maneno, kwa kuwa jina limekwisha kutoa ushahidi kwamba yalikuwa ya kusadikika. Nimewahi kusikia watu wakisema jina hili ni la mafumbo kwa sababu mwandishi aliogopa kutaja Tanganyika. Hofu ilikuwepo, na sababu zilikuwepo: alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, amekuwa karani tangu miaka ya 1920. Lakini mtu anayeogopa tu huchagua jina la kujifichia. Yeye alichagua jina linalowasuta wasikilizaji wake.

Kuna wanaoiita Kusadikika kuwa ni Utopia ya Kiswahili. Thomas More aliyeitunga Utopia mwaka 1516 alilijenga jina kwa Kigiriki, na maana yake ya wazi ni “si mahali,” nchi isiyokuwapo popote, huku sikio la Kigiriki likisikia pia “mahali pema.” Nchi ya More ina mengi ya kutamaniwa. Kusadikika haitamaniki. Ni nchi mbovu, yenye waziri mwenye kiburi na gereza lililojaa watu waliotumwa na nchi hiyohiyo. Na majina yenyewe yanakwenda njia mbili zinazopishana: la More linakanusha, linasema hapo unapopatafuta hapapo, la Shaaban Robert linadai, linasema hili ninalokuambia linasadikika. Kuyaweka fungu moja kwa sababu yote ni majina ya kubuni ni kuwadhulumu wote wawili.

Kitu kingine kinachonifurahisha ni jinsi alivyoisadikisha nchi hiyo kwa msomaji wake. Ameiweka angani, mahali ambapo hakuna mguu uliofika. Halafu mipaka yake ameitaja kwa pepo: Kaskazi upande wa kaskazini, Kusi upande wa kusini, Matlai mashariki, Umande magharibi. Mtu wa bara anaweza kuziona hizo kuwa ni nakshi. Mvuvi wa Tanga anazijua kwa ngozi yake. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, na Kusi ndiyo iliyoyarudisha. Umande ni ule upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, unaomsukuma mwenye ngalawa kwenda kuvua kabla jua halijapanda. Matlai ni kule jua linakochomoza. Kwa hiyo nchi isiyowezekana imezungushiwa vitu ambavyo msomaji hana budi kuvisadiki, kwa kuwa vilimpuliza usoni asubuhi ileile. Linganisha na Kufikirika, ambayo majirani zake ni Anasa na Majaribu, bahari yake ni Kufaulu na milima yake ni Jitihadi. Hizo ni fikra tupu, na jina linaruhusu, maana fikra ndiyo iliyotajwa. Kwa Kusadikika ilibidi aoneshe kitu kinachogusika kwanza. Mwaka 1952 huyu mtu aliyechora mipaka kwa upepo alihamia idara ya upimaji ardhi, hapohapo Tanga.

Mpwa wangu aliniuliza pia kuhusu ngeli, na sikuwa nimeliwaza hilo. Kitenzi-jina kikiwa kitenzi-jina huchukua ku: kusadikika kwake kumenishangaza. Likiwa jina la nchi, linavua ku hiyo na kuvaa ya nchi: Kusadikika ina mfalme, Kusadikika imemfunga Auni. Wenyeji wake ni Wasadikika. Tendo limegeuka kuwa mahali, na mahali pamezaa watu. Ku hiyo pia inafanana na ku ya mahali, ile ya kule na huku na kwetu, na sikio la Mswahili linaisikia hata kama sarufi inazitenga. Majina yetu ya mahali mara nyingi hutaja kitu kilichopo: mwembe, kisima, mlima, au mtu, Kwa Fulani. Majina yanayotaja tendo ni machache, na kila lilipo watu huzozana juu ya maana yake. Bagamoyo ndio mfano mkubwa. Bwaga moyo, tunaambiwa. Lakini mmoja atasema ni mpagazi aliyefika pwani akatua mzigo na kupumzika, na mwingine atasema ni mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Jina lenye tendo ndani yake halitulii. Shaaban Robert bila shaka alilijua hilo.

Waliokuja baadaye walijifunza. Katama Mkangi wa Kenya, mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa riwaya yake mwaka 1995 na ndani yake kuna nchi iitwayo Walenisi. Itamke polepole: wale ni sisi. Sentensi nzima imefungwa ndani ya jina. Pauline Kea naye, katika tamthilia iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa Kenya, aliuita mji wake Sagamoyo, akabadilisha herufi ya kwanza tu ya Bagamoyo, na moyo uliokuwa ukibwagwa ukawa unasagwa. Hayo ni majina mazuri sana. Lakini yanatoa hukumu yake mara moja, ukishalipasua umelimaliza. Kusadikika linaendelea kukudai hata baada ya kulielewa.

Jambo linaloniuma ni jinsi tunavyolitumia magazetini. Waandishi wa safu za siasa, hasa hapa Tanzania, wakitaka kusema la kwetu bila kutaja kwetu huandika “katika nchi moja ya Kusadikika.” Kama kificho ni sawa, na mwenye kitabu asingelalamika. Ila maana imepungua. Siku hizi neno hilo limekuwa sawa na ndoto, au porojo, au mahali ambapo mambo ya ajabu hutokea. Mwanasiasa akiahidi reli ya dhahabu tunasema anatuahidi Kusadikika. Hapana. Ahadi ya uongo ni kinyume cha Kusadikika. Kusadikika ni pale mkaguzi anapotumwa na wenye nchi wenyewe, akaenda, akaona, akaleta taarifa iliyo kweli, na taarifa ikafungiwa kabatini, na yeye akahamishwa. Hapo ndipo tulitumie jina hilo, na hapo tutakuwa tumemtendea haki aliyelitunga.

Na lisidhaniwe kuwa ni kisa cha angani tu. Mwaka uleule wa 1951, mwezi Novemba, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Kitabu hakikuandikwa kwa ajili yao. Lakini mwaka uliofuata walimchagua mjumbe, Kirilo Japhet, wakamtuma New York kwenye Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo. Alikwenda, akaeleza, akarudi, na ardhi haikurudishwa. Ukisoma habari zake baada ya kusoma safari ya Ridhaa aliyepanda mbinguni, utaona kwamba Shaaban Robert hakuhitaji kubuni mengi. Aliwajua wajumbe. Aliijua pia sura ya meza wanayosimama mbele yake.

Mpwa wangu alikuwa na swali moja la mwisho, nalo ndilo lililonibana. “Kama hiyo ni nchi isiyosadiki mtu, mbona Karama alishinda?” Maana kweli anashinda: anaachiwa, na wale sita wanatolewa gerezani.

Nilimjibu hivi, na bado naona ndivyo. Karama hakuwa na habari mpya hata moja. Habari zote alizozitoa zilikwisha kuletwa na wengine, na zilikwisha kukataliwa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mshitakiwa anayejitetea mbele ya baraza, na baraza likamsikiliza mpaka mwisho wa utetezi wake. Kuna mshitaki, kuna mshitakiwa, kuna hoja na majibu, kuna hukumu inayongoja hoja ziishe. Hiyo ndiyo sheria, kitu kilekile ambacho Majivuno alimshitaki kwa kutaka kukifundisha. Waliomleta kumfunga wakajikuta wamekaa kwenye somo lake la kwanza. Neno lilikuwa la kusadikika siku zote. Lililokosekana ni utaratibu wa kulisikiliza.

Alifungua daftari, akafuta “ya kufikirika,” akaacha nafasi wazi bila kuijaza, akaniambia ataijaza akimaliza kusoma upya safari ya Amini.

Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifungua milango yake Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu. Kilikuwa kitivo cha sheria. Shaaban Robert alikuwa angali hai. Alifariki Juni mwaka uliofuata.